Sare Ishirini na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Sindano alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake darasani aliyekuwa nayo. Alijaza maji kwenye bilauri, akateremsha kichupa cha dawa kutoka juu ya kabati la vyombo, akatoa vidonge viwili na kumpelekea mama yake. Kisha alisubiri. Mama alivimeza, akakunja uso kwa ile ladha ya chuma inayobaki ulimini, halafu akaachama mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno.

"Haya, afande, kagua."

"Vimeshuka vyote," Sindano alisema, na wote wawili wakacheka.

Sindano halikuwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Wenzake walimpachika kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Jina likamganda, hata nyumbani wakamwita hivyo. Waliishi katika vyumba viwili. Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, ndicho kilichokuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na ukutani misumari mingi iliyoning'iniza mipira ya nyuzi za kila rangi. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alirudi mara moja kwa mwezi, siku tatu nne, kisha barabara ikamchukua tena.

Miaka miwili nyuma mama aliugua. Kwanza alichangamka kupita kiasi, akawa halali, anaongea bila kupumua. Baadaye akazama katika huzuni iliyomlaza kitandani wiki nyingi. Hospitalini waliambiwa kuwa ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka bila mpangilio, ambao wengine huuita bipola. Ulikuwa ugonjwa kama mwingine, ila ulikaa kwenye ubongo, na dawa yake haikuwa ya wiki moja. Ilikuwa ya kila siku. Ndiyo maana baba, kabla ya kupanda lori, alimwinamia binti yake na kumwambia, "Wewe ndiye macho yangu hapa."

Dawa ilifanya kazi. Mama alirudi kuwa mama. Tatizo lilikuwa mikono. Tangu aanze kumeza vile vidonge, vidole vyake vilitetemeka kidogo, kama vya mtu aliyetoka kunyeshewa. Mtu mwingine asingejali, lakini fundi anaishi kwa vidole vyake. Kutunga uzi kwenye tundu la sindano kukawa kazi ya mtoto, na pindo ambalo zamani mama alilinyoosha kama mstari wa rula sasa lilikwenda mrama asipokuwa mwangalifu.

Basi mwaka huo shule ikampa mama kazi kubwa. Kwaya aliyokuwa akiimba Sindano ilichaguliwa kwenda mashindano ya shule zote za wilaya, na wazazi walichanga wakanunua jora la kitambaa cha buluu. Sare ishirini na nne, kola nyeupe, mikono mifupi. Siku ya kuleta kitambaa, mwalimu wa kwaya alisema mbele ya wote, "Fundi wetu ni mama yake Sindano. Hapo hatuna wasiwasi." Sindano alivimba kichwa wiki nzima. Rafiki yake mkubwa, mwimbaji kiongozi waliyemwita Kengele kwa sauti yake, alimfuata kila mapumziko akiuliza, "Ya kwangu imefika wapi?"

Sare ya kwanza ilikuwa ya Kengele. Mama alishona kola, akaifumua. Akaishona tena, akaifumua. Mara ya nne kitambaa cheupe kilikuwa kimejaa matundu ya sindano, na kola bado ilikuwa upande. Mama aliiweka mezani, akaifunika mikono yake kwa kanga aliyojitanda, na kuanza kulia polepole bila sauti.

Asubuhi iliyofuata Sindano alipoleta bilauri na vidonge, mama alivirudisha kwenye kichupa.

"Wiki tatu tu, mwanangu," alisema. "Sare zikiisha naanza tena. Mikono hii nikienda nayo hivi nitawaaibisha mbele ya watu."

"Mama, daktari alisema usiache hata siku moja."

"Daktari hashoni nguo." Alimshika mashavu. "Usimwambie mtu. Baba yako akipiga simu, mwambie nameza. Tumeelewana?"

Sindano alijua si sawa. Lakini aliikumbuka ile kola, na alimwona mama yake akimwomba kama vile mtoto anavyomwomba mtu mzima. Akakubali shingo upande. Jioni baba alipopiga simu na kuuliza, "Mama anameza dawa?" alijibu, "Ndiyo, baba."

Siku za mwanzo kila kitu kilikwenda kama ndoto njema. Vidole vya mama vilitulia. Kola ya Kengele ilikaa shingoni pake kana kwamba alizaliwa nayo. Sare kumi zikapigwa pasi na kutundikwa, na mama akaanza kuimba akishona, akiigiza sauti za majirani na za mwalimu wa kwaya hadi Sindano akashika mbavu. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu amwone mama yake hivyo. Dawa ilikuwa imemtuliza, lakini Sindano aliamini ilikuwa pia imemfungia ndani kicheko. Sasa kicheko kimetoka. Alijiambia labda mama kapona, labda daktari alikosea.

Wiki ya pili cherehani haikunyamaza. Sindano alilala ikiunguruma, akaamka ikiunguruma. Mama hakula; chai ilipoa pembeni ikatanda utando. Maneno yake yalianza kukimbia, moja likikanyaga kisigino cha jingine. Sare za buluu ni za kawaida mno, alisema. Kwaya hii itaimba duniani kote, lazima ivae kitu ambacho jicho la binadamu halijawahi kuona. Akazitoa zile sare kumi kwenye misumari na kuzifumua zote. Akashusha mapazia ya chumbani, akayakatakata.

"Mama, hiyo ilikuwa imeisha," Sindano alisema. "Hiyo ni ya Kengele."

"Usiniharibie mawazo!" Mama hakuwahi kumkaripia kwa sauti ile. Kisha papo hapo akamkumbatia, akamzungusha chumba kizima akicheka, na mwili wake ulikuwa wa moto na mwepesi kama wa ndege. Sindano hakucheka. Simu ya baba ilipoita, aliitazama ikiita mpaka ikakaribia kukata. Akapokea. Akasema, "Salama, baba. Anashona." Angesema nini? Akisema ukweli sasa, ingebidi aseme pia kwamba alidanganya tangu mwanzo.

Siku nne kabla ya mashindano, kwaya ilikuwa ukumbini ikifanya mazoezi ya mwisho. Kulikuwa na mgeni, mama mmoja mnene mwenye miwani, mwamuzi aliyekuja kuwapa ushauri. Mlango ukasukumwa. Mama aliingia na gunia begani, kapaka wanja jicho moja tu, kiatu kimoja chekundu na kingine cheusi. Alilimwaga gunia sakafuni. Zilitoka nguo ambazo hazikuwa sare tena: nyingine ina mkono mmoja, nyingine imeshonewa vipande vya pazia mgongoni kama mabawa, nyingine haina hata pa kupitisha kichwa.

"Vaeni!" alisema. "Vaeni, niwafundishe kuimba!"

Akapanda juu ya meza ya mwalimu na kuanza kupunga mikono. Kicheko kikaanza nyuma, kikasambaa ukumbi mzima. Wavulana wawili walijivika mabawa na kurukaruka. Mwamuzi alimgeukia mtoto aliyekuwa karibu naye, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa Sindano, akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Masikio ya Sindano yaliwaka moto. Alitazama sakafu.

"Simjui," alisema. "Ni fundi tu."

Alipoinua macho, mama alikuwa ameacha kupunga mikono. Alikuwa akimtazama yeye. Mwalimu wa kwaya alikuwa tayari amemfikia. Alimshika mkono kwa upole kama anayemsindikiza mgeni wa heshima, akamteremsha na kutoka naye nje huku akimwambia, "Njoo, dada, tukapumzike kidogo kivulini."

Mwalimu alimpeleka mama hadi nyumbani, akamuuliza Sindano kama baba yake ana habari. "Anajua," Sindano alijibu. "Anakuja kesho." Huo nao ulikuwa uongo.

Kwaya ilikwenda mashindanoni na sare za kila siku, zilizopauka kila moja kivyake. Waliimba kama watu walioonewa, wakawa wa pili kutoka mkiani. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyekaa kiti kimoja na Sindano. Kengele alipita karibu naye na kumwambia bila kumtazama, "Mama yako ametuharibia," akaenda kukaa mbele.

Nyumbani cherehani ilikuwa imenyamaza. Ule moto uliokuwa ndani ya mama ulizimika kwa siku mbili tatu, na kilichobaki kilikuwa majivu. Alilala akiuelekea ukuta. Hakuoga, hakuchana nywele. Sindano alimwinua kumpa uji, akameza vijiko viwili na kurudi kulala. Alileta bilauri na vidonge, mama hakuvitazama. Wateja walipobisha hodi, Sindano aliwaambia mama amesafiri. Akaacha kwenda shule. Alipika, alifua, alidanganya. Baba aliyekwama mpakani na lori bovu alipouliza, aliambiwa yote ni shwari. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameibeba nyumba nzima mgongoni, na hakuna aliyejua.

Mchana mmoja alikuwa akimpangusa mama uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mama alifumbua macho. Sauti yake ilitoka mbali.

"Mngekaa vizuri zaidi bila mimi," alisema. "Wewe na baba yako. Mimi nimechoka, mwanangu. Sitaki tena kuwepo." Kisha akaongeza, "Usimwambie mtu."

Sindano aliyatambua. Ni maneno yaleyale. Alikwisha kuyatii mara moja, na tazama yalikowafikisha. Aliuweka mkono wa mama chini ya shuka, akatoka, akamwomba bibi mzee muuza mkaa wa nyumba ya jirani, "Bibi, tafadhali kaa na mama. Usimwache peke yake hata kidogo." Yule bibi alipoona uso wa mtoto hakuuliza swali. Aliingia na mikono yake myeusi ya mkaa na kuketi kando ya kitanda.

Sindano alikimbia. Njia nzima aibu ilimvuta shati nyuma: mwalimu atajua, shule nzima itajua, na yeye ndiye mwongo mkubwa. Alimkuta mwalimu wa kwaya akisahihisha madaftari darasani peke yake.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema huku akilia. "Baba hajui. Hajui chochote. Mama aliacha dawa na mimi nilijua. Na leo amesema hataki tena kuwepo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakumgombeza. Alimshika mabega yote mawili. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Kuanzia sasa hili ni jambo la watu wazima. Twende."

Alasiri ile mama alipelekwa hospitali. Baba aliacha lori mikononi mwa mwenzake na kufika kesho yake, vumbi limemtanda hadi kope. Sindano alisubiri kofi, au angalau ukali. Baba alikaa tu kwenye ngazi ya mlangoni, akaficha uso viganjani. "Nilimpa mtoto kazi yangu," alisema. "Mimi ndiye nilipaswa kuwa na macho." Sindano hakuwahi kumwona baba yake akilia. Ilimuumiza kuliko kofi.

Daktari aliyemtibu mama alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. Alimwita Sindano ndani peke yake.

"Kuna watu wamekuambia ni kosa lako?"

Sindano alitikisa kichwa. "Mimi mwenyewe ninajua."

"Basi hujui vizuri. Ugonjwa huu haukuletwa na wewe, na huwezi kuuzuia usirudi. Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwako, kusema, na umekisema. Ulichelewa, lakini umesema." Akafungua faili. "Sasa niambie. Kwa nini aliacha dawa?"

"Mikono ilikuwa inatetemeka. Hawezi kushona."

Daktari akaangalia faili, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. "Miaka miwili," alisema taratibu, "na hakuniambia hata mara moja. Wala mimi sikumuuliza anafanya kazi gani." Alifunga faili kama mtu aliyeumwa na kitu. "Hilo lina tiba, binti yangu. Dozi hupunguzwa baada ya kupima damu. Kuna dawa za kutuliza mikono. Kuna hata dawa nyingine za ugonjwa wenyewe, kama hii haimfai. Kuacha tu, kimyakimya, ndiko kusikokuwa na tiba."

Mama alikaa hospitalini wiki sita. Aliporudi hakuwa yule aliyeimba dirishani wala yule aliyelala akiuelekea ukuta. Alikuwa mzito, mpole, anayechoka upesi. Baba alibadilishiwa kazi, akawa anaendesha lori la mjini ili jioni awepo nyumbani, na dawa zikawa kazi yake. Mikono ya mama ilitulia karibu yote. Wateja wengi hawakurudi. Walikwisha kupata fundi mwingine, au waliogopa. Kengele alianza kumsalimu tena Sindano, lakini salamu tu. Urafiki ule wa kusubiriana getini haukurudi, na kuna jioni Sindano aliukumbuka hadi akakosa hamu ya kula.

Siku ya kupima damu, Sindano alikuwa likizoni, akamsindikiza mama kliniki. Walikaa kwenye benchi refu la mbao pamoja na wagonjwa wengine. Mama alikuwa ameleta gauni la mtu na alilipiga pindo taratibu kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine. Sindano alikuwa na jambo lililomkaa kooni miezi mingi kama mwiba wa samaki.

"Mama," alisema. "Siku ile ukumbini, yule mama mwenye miwani aliniuliza wewe ni nani."

"Nilisikia," mama alisema, bila kuinua macho kwenye pindo.

Sindano aligeuka kumtazama. "Ulisikia?"

"Nilikuwa naumwa, mwanangu, sikuwa kiziwi." Midomo yake ilijaribu kutabasamu, ikashindwa. "Iliniuma. Nisikudanganye, iliniuma sana, na bado inauma siku nyingine. Lakini ulikuwa mtoto uliyekuwa unaogopa. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo kwanza."

Machozi ya Sindano yalianguka juu ya gauni la watu. Mama alilisogeza pembeni, akachomeka sindano kwenye kitambaa, akamvuta binti yake kifuani.

"Sikiliza nikuambie," alisema. "Kuugua si aibu. Hata ukiugua kichwa, si aibu. Niliona aibu kumwambia daktari kwamba mikono inatetemeka, nikaona afadhali nifiche. Siri ile ndiyo iliyotufikisha pale. Dawa hizi nitameza maisha yangu yote, na zikinisumbua nitamwambia daktari, siyo kuziacha. Huo ni mzigo wangu na wa baba yako. Wako ni mmoja tu. Siku nikikuambia tena 'usimwambie mtu' juu ya ugonjwa huu, siku hiyohiyo nenda ukamwambie mtu mzima. Usingoje kesho. Usifikiri umenisaliti."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikukasirikia. Hata nikilia. Huo utakuwa ni ugonjwa unaoongea. Mimi nakuambia leo, nikiwa na akili zangu timamu: nenda ukaseme."

"Utapona kabisa, mama?"

"Sijui," mama alisema. "Nadhani hali hii itakuwa inarudi mara mojamoja. Ila ikirudi, itatukuta watatu, na daktari anajua."

Muuguzi alichungulia mlangoni na kumwita mgonjwa aliyefuata. Haikuwa zamu yao bado. Mama alisogea kidogo kwenye benchi kumpisha mzee mmoja aliyetaka kukaa, na Sindano akasogea naye, kichwa chake kikiwa bado kifuani kwa mama, akilia bila kujificha mbele ya watu wote waliokuwa pale.